Kibali cha Fataki Nilichokigonga Mwenyewe

Nilikuwa karani wa halmashauri mjini Same mpaka nilipostaafu, na katika miaka yote hiyo niligonga muhuri kwenye karatasi nisizoweza kuzihesabu. Vibali vya ngoma, vya mihadhara ya dini, vya minada, vya harusi zilizotaka kupita katikati ya mji na matarumbeta. Karibu zote nimezisahau. Iko moja sijaisahau, na ninashukuru kwamba leo naweza kuisimulia nimetulia.

Ilikuwa katika ile miaka maduka yalipoanza kujaa tena. Aliyeishi miaka iliyotangulia ananielewa. Nilikulia Bombo, mlimani, katika nyumba ambayo mama alifulia kwa majivu na majani ya mpapai, na shati moja la shule lilivaliwa na ndugu watatu kwa kupokezana. Sukari ilitoka kabatini mtu akiugua. Hata nilipoteremka mjini kuanza kazi, bado tulikuwa tukiona watu wamejipanga mbele ya duka la ushirika tunajipanga nao, kisha ndipo tunamuuliza wa mbele kinauzwa nini. Halafu mambo yakafunguliwa. Watu wakakiita kipindi kile ruksa. Mitumba ikamwagwa chini kwenye maturubai, sabuni za kunukia zikapangwa madirishani, redio za kaseti zikawa zinapiga kelele kuanzia stendi mpaka stesheni ya reli. Tulitembea tukitazama tu, hata kama hatununui.

Kwa sisi wa ofisini ruksa ilikuja na jambo lingine. Ilisemwa kwamba watumishi ni wengi kupita kiasi, na kwamba ingeletwa orodha ya wa kupunguzwa. Hakuna aliyeiona orodha hiyo, lakini kila wiki tarishi wetu alikuja na habari mpya kuihusu. Mara imefika Moshi, mara imerudishwa Dar es Salaam, mara imeanza na makarani wa kike. Mtu alikuwa akikohoa tu mlangoni mwa masijala, sote tunainua vichwa.

Bosi wangu alikuwa Mpare wa Usangi, mtu mpole aliyekunja mikono ya shati mara mbili tu, wala si tatu. Alikuwa akiitwa mikutanoni Moshi mara kwa mara, na akiondoka aliniachia muhuri kwenye droo. Kila mara aliniambia maneno yaleyale: "Vibali vidogo vidogo, gonga. Vikubwa vinisubiri." Hakuwahi kuniambia kikubwa kinaanzia wapi, nami sikuwahi kumuuliza.

Siku chache kabla ya mwaka mpya, bosi akiwa safarini, alikuja ofisini mfanyabiashara mmoja wa palepale mjini. Tulimfahamu tangu alipokuwa akiuza chumvi na viberiti kwenye kibanda karibu na stesheni. Sasa alikuwa na duka la vyombo, lenye vioo, na mafriji mawili nyuma. Alikaa kwenye kiti cha wageni akaweka kofia gotini.

"Dada, nataka kuushukuru mji," alisema. "Nimeleta fataki kutoka Dar. Nataka kuzirusha siku ya mwaka mpya, jioni, pale bustanini."

Bustani yetu isikutie tamaa. Ilikuwa ni kipande cha ardhi mkabala na ofisi, kimezungushiwa ua wa michongoma, kina mikrismasi mitano, mabenchi ya saruji na mnara mdogo wenye mwenge ambao moto wake ulikuwa rangi nyekundu tu. Bwana bustani alimwagilia maua pale maji yalipopatikana, ambayo si mara nyingi. Majani yalikuwa makavu kama mswaki. Lakini ndiyo ilikuwa bustani ya watu wote, na kila aliyeoa Same katika miaka ile amepigia picha pale.

Nilimuuliza fataki zenyewe zikoje. Same tuliijua baruti ya machimbo ya jasi na ya wapasua mawe ya barabara tu. Hatukuwahi kuona ya kustarehesha.

"Zinapanda juu, zinapasuka, zinatoa maua ya rangi. Dakika kumi, kwisha."

"Hazina hatari?"

"Dada, Dar wanarusha hata watoto."

Fomu ya kibali haikuwa na mahali pa fataki. Kulikuwa na ngoma, mkutano, mhadhara, maonyesho, na mwisho kabisa "burudani nyinginezo". Nikaandika hapo. Ndani ya kabati nyuma yangu kulikuwa na jalada la sheria ndogo, kukuu, karatasi nyingine za tangu enzi za mkoloni zimeandikwa Kiingereza. Nilijua lipo. Nilijua pia kwamba jambo lenye baruti lazima limetajwa humo mahali fulani. Lakini ilikuwa Ijumaa mchana, joto la Same unalijua, na mama mkwe wangu alikuwa njiani kutoka Gonja kwa basi linalopita Kisiwani. Nilitaka kuwahi stendi. Sikuligusa jalada. Nikagonga muhuri, nikatia sahihi kwa niaba ya bosi.

Alipoondoka niliona ameacha kitu kwenye kiti, kimefungwa kwa gazeti. Nikamwita dirishani. Akageuka akacheka. "Ya mwaka mpya hiyo, dada." Ilikuwa doti ya khanga, ya njano na nyekundu, mpya, yenye ule ugumu wa dukani. Zangu zote zilikuwa zimeshonwa na kushonwa tena. Nikaitia kwenye mkoba.

Mama mkwe alikuwa amestaafu muda mfupi kabla ya hapo. Alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi kule Gonja tangu mume wangu akiwa anatambaa. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye maneno machache, na niliamini kabisa kwamba hakunipenda. Kwake yeye, mwanamke anayeshinda akigonga mashine ya chapa hawezi kuipikia nyumba yake makande yakaiva. Mume wangu alifanya kazi reli na mara nyingi zamu yake ilikuwa Mombo, kwa hiyo mama mkwe alipokuja kututembelea tulibaki sisi wawili tukitazamana na sufuria katikati. Jioni ile nilimpa ile khanga nikidhani nimepata njia.

Alikipapasa kitambaa kwa vidole. "Umenunua?"

"Nimepewa, mama."

"Na nani?"

"Mfanyabiashara mmoja."

"Kwa nini?"

"Ni mwaka mpya."

Alinitazama kidogo, akaikunja, akaiweka juu ya begi lake. Lakini siku ya mwaka mpya aliivaa.

Jioni ile bustani ilijaa mapema. Wakata mkonge walikuja kwa trela la trekta la shamba, watu wa Kigoma, wa Songea, wa Singida, na wake zao wamevaa vizuri. Vijana wa Ndungu walikuja na baiskeli. Wafugaji waliotoka mnadani walisimama pembeni na fimbo zao. Kwaya ya vijana iliimba nyimbo mbili tatu. Mfanyabiashara alikuwa ameweka maboksi yake juu ya meza ya mbao karibu na mnara, na kijana mmoja wa dukani kwake alishika kiberiti. Upepo ulikuwa unavuma kama kawaida ya Same. Nilishika mkono wa mama mkwe kwa sababu watu walikuwa wakisukumana, na aliniachia nikaushika.

Jua lilipozama fataki ya kwanza ilipanda. Siwezi kusema uongo, ilikuwa nzuri. Ilipiga mluzi, ikanyamaza, kisha juu ya vichwa vyetu ikafunguka kijani na nyeupe, na kwa nukta moja milima yote nyuma ya mji ikaonekana. Umati mzima ulitoa pumzi kwa pamoja. Ya pili ilikuwa nyekundu. Nikasikia mtu anacheka karibu yangu, kicheko chembamba kama cha msichana. Alikuwa mama mkwe. Miaka sita ya ndoa, sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

Sijui zilikuwa zimepanda ngapi upepo ulipoipiga meza. Niliona boksi linalala ubavu. Yule kijana aliliruka akakimbia, akafanya vema. Zilizobaki zikatoka kwa mlalo, zikapita kwenye miguu ya watu na vifuani, zikipiga mluzi na kupasuka kwenye shina la mkrismasi, kwenye benchi, kwenye ua. Watu wakageuka wote mara moja. Punda wa mikokoteni ya maji waliofungwa barabarani walikata kamba wakaingia kati ya watu. Majani makavu yakashika moto upande wa mnara. Mkono wa mama mkwe ulichomoka mkononi mwangu kama samaki.

Haikuchukua muda mrefu. Maboksi yaliisha yenyewe, na wanaume waliuzima moto kwa magunia na mchanga kabla haujafika kwenye ua. Lakini vumbi lilipotulia bustani ilikuwa nusu tupu, ndala zimetapakaa kila mahali, na mama mkwe hakuwepo.

Nilizunguka mabenchi yote. Nikatoka nje ya ua nikazunguka huko. Kila niliyekutana naye nilimuuliza, "Hujamwona bibi mmoja mrefu, khanga ya njano na nyekundu?" Wengi hawakunijibu, na wao walikuwa wanatafuta watu wao. Mwishowe muuza karanga mmoja akasema, "Khanga ya njano? Nimeiona kwenye pikapu. Imebeba watu kwenda hospitali."

"Amebebwa?"

"Sikuangalia vizuri, mama. Walikuwa wengi nyuma."

Nilikimbia. Kutoka bustanini mpaka hospitali ya wilaya si mbali, lakini siku ile ilikuwa mbali. Nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia mume wangu na yote yanaharibika mdomoni. Na katikati ya maneno hayo nilikuwa nikiiona ile karatasi, "burudani nyinginezo", na sahihi yangu chini yake. Nilikuwa nimemleta mama wa watu kutoka mlimani kwake, nimemvika khanga ya hongo, nimemsimamisha mbele ya baruti niliyoiruhusu mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyoliona njia nzima.

Hospitali, baraza lilikuwa limejaa. Mtu ameungua sikio, mwingine amechubuka goti, mama mmoja anashikilia kifundo cha mguu. Muuguzi alikuwa akipita kati yao na bakuli la dawa. Nilimshika mkono akiwa kazini.

"Dada, bibi mrefu wa khanga ya njano."

"Yupo wodi ya wazazi," alisema bila kuinua kichwa.

Nilidhani hakunisikia. "Ni mzee," nikamwambia. "Ni bibi."

"Ndiyo huyohuyo. Nenda mwisho, kushoto."

Nilifika kwenye mlango nikasimama. Nilisikia sauti yake kabla sijamwona. Ilikuwa sauti nyingine kabisa, ya chini, ya uhakika, isiyo na haraka. "Usisukume bado, mwanangu. Pumua. Tena. Mimi niko hapa."

Mama mkwe alikuwa amekunja mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko. Kitandani alikuwa mwanamke kijana, mke wa mkata mkonge mmoja kutoka Kigoma. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba watu walipogeuka yule binti aliangukia kwenye ua akiwa na mimba iliyotimiza siku zake, na mama mkwe, aliyekuwa hatua mbili kutoka kwake, alimvuta mpaka nyuma ya benchi la saruji akamfunika kwa mwili wake mpaka watu na punda wakapita. Uchungu ulimwanzia palepale. Wakamtia kwenye pikapu, na mama mkwe akapanda naye. Wodini walimkuta mkunga mmoja tu wa zamu ya sikukuu, naye alikuwa na mwanamke mwingine kwenye kitanda cha pili aliyekuwa katika hali ngumu zaidi. Mama mkwe alimwambia, "Mimi ni wa wodi ya wazazi Gonja. Niache na huyu, nikishindwa nitakuita." Hakumwita.

Aliniona mlangoni. "Umekuja," alisema. "Kalete maji ya moto. Usisimame kama nguzo."

Nikaleta maji. Nikashika taa pale umeme ulipopungua. Nikafanya kila nilichoambiwa, na kila nilichoambiwa kilinipa nguvu ya kufanya kinachofuata. Mtoto alizaliwa, wa kike, akalia mara moja kwa hasira. Wakati ule hospitali hazikuwa na nguo za kumpokelea mtoto, kila mzazi alikuja na zake, na za yule binti zilikuwa kambini, kule shamba la mkonge. Mama mkwe akafungua ile khanga kiunoni, akaitazama, akapasua ukingo kwa meno, akamfunga mtoto kwa kipande kimoja, na kwa kipande kingine akamfunika mama wa mtoto. Akabaki na gauni lake.

Nilitoka nje nikakaa chini ukutani nikalia. Alikuja baada ya muda, anakausha mikono.

"Unalia nini? Wote wazima."

"Mama, kibali cha zile fataki nilikigonga mimi."

Aliendelea kukausha mikono.

"Bosi hayupo. Sikuangalia sheria. Nilitaka kuwahi basi lako."

"Na khanga?"

"Ilitoka kwa huyohuyo mwenye fataki."

Alikaa chini karibu yangu, taratibu, kwa sababu magoti yake hayakuwa mazuri. Nilingoja anichape kwa maneno. Badala yake akasema, "Bosi wako anarudi lini?"

"Keshokutwa."

"Basi uwe wa kwanza kumwambia. Kwenye kuzalisha, jambo likiharibika ukalisema mapema, mara nyingi linatengenezeka. Ukinyamaza, ndipo mtu anapokufa." Kisha akanishika bega ili ainuke. "Twende nyumbani. Nina njaa."

Siku bosi aliporudi nilikuwa mlangoni kwake kabla hajavaa viatu. Nilimwamkia, nikamweleza yote, pamoja na khanga. Alinisikiliza amesimama, kiatu kimoja mkononi.

"Jalada la sheria ndogo ulilifungua?"

"Sikulifungua."

"Ulijua lipo?"

"Nilijua, mzee."

Alikaa akavaa kile kiatu. Alifunga kamba polepole sana. Kisha akasema, "Na mimi sikuwahi kukwambia kikubwa ni kipi." Sikutegemea maneno hayo. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote isipokuwa hayo.

Wiki iliyofuata tuliitwa mbele ya kamati ya madiwani. Mwenyekiti alikuwa mkulima wa mpunga kutoka Ndungu, mtu mnene mwenye mikono mikubwa, ambaye alisoma kila karatasi huku akifuatisha mistari kwa kidole. Mfanyabiashara alikuwepo. Alikuwa amewazunguka majeruhi wote nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi, na alikuwa amekonda siku hizo chache. Alipoulizwa alitoa kibali mfukoni akakilaza mezani.

"Nilipewa ruhusa," alisema.

"Ni mimi niliyempa," nikasema kabla sijaulizwa. "Bosi hakujua. Na nilipokea zawadi, doti moja ya khanga."

Mwenyekiti aliinua kidole kutoka kwenye karatasi. "Zawadi hiyo irudishwe."

"Mheshimiwa, haiwezekani."

"Kwa nini haiwezekani?"

"Amefungwa nayo mtoto."

Ilibidi nieleze. Nilipofika mahali mama mkwe alipoipasua kwa meno, diwani mmoja mwanamke alifunika mdomo, kisha wote wakaanza kucheka, na mwenyekiti akacheka mwisho wa wote, mabega tu yakimtikisika. Mfanyabiashara akasema yeye haitaki, ibaki hukohuko. Mwenyekiti akamwambia katibu aandike kwamba zawadi imekwenda kwa mtoto na kwamba mtumishi huyu asipokee nyingine.

Kisha wakatutoa nje. Nilikaa kwenye benchi la korido muda ambao sijui ulikuwa kiasi gani. Tarishi alipita mara mbili akinitazama kama mtu anayetazama jeneza. Ile orodha, nilijua, ilihitaji sababu ndogo tu. Nilianza kupanga nitakachofanya. Nitarudi Bombo, nitalima tangawizi na wengine, mume wangu atakuwa anapanda mlimani akipata likizo. Nilikuwa nimefika mbali sana katika mipango hiyo mlango ulipofunguliwa.

Nilipewa onyo la maandishi. Litaingia kwenye jalada langu. Bosi naye akapewa la mdomo. "Na kwa kuwa ninyi wawili sasa mnaielewa fataki kuliko mtu yeyote katika wilaya hii," mwenyekiti akasema, "mtatuandikia sheria ndogo. Kikao kijacho iwe mezani."

Nilisema ndiyo mheshimiwa, nikatoka, nikapita ofisi, nikapita geti, nikajikuta niko karibu na stesheni ndipo nikakumbuka kwamba bado ni saa za kazi. Nilirudi natembea nikitabasamu peke yangu barabarani.

Tuliiandika ile sheria kwa majuma matatu. Tulianza kwa kufungua lile jalada. Kulikuwa kweli na kifungu cha zamani, kwamba hakuna atakayewasha baruti ya aina yoyote mahali pa watu bila polisi kujua. Mstari mmoja na nusu. Ningeusoma kwa muda ule niliotumia kufungua mkoba. Bosi alisoma kwa sauti, mimi nikapiga chapa, karatasi ya kaboni imechakaa mpaka nakala ya tatu ilikuwa kivuli tu. Jioni nilimsomea mama mkwe, ambaye alikuwa ameahirisha kurudi Gonja akisema anasubiri kitovu cha mtoto kidondoke.

"Umeandika mita ngapi kutoka hospitali?" aliniuliza.

Nikamwambia.

"Weka zaidi. Mwanamke mwenye uchungu akishtuka, anakaza. Na andika kuhusu punda."

"Punda, mama?"

"Wanyama waondolewe kwanza. Wewe hukukanyagwa."

Tukaandika kuhusu punda. Tukaandika kwamba fataki zisirushwe bustanini kabisa bali katika uwanja wa mpira ng'ambo ya reli, kwamba boksi lifukiwe kwenye mchanga na si kuwekwa mezani, kwamba mapipa ya maji yawepo, askari awepo, na mtumishi wa halmashauri awepo naye awe na mamlaka ya kusimamisha shughuli upepo ukizidi. Hicho cha mwisho bosi alikiongeza mwenyewe, akanitazama juu ya miwani akaendelea kusoma.

Kwenye baraza kulikuwa na mabishano. Diwani mmoja alitaka fataki zipigwe marufuku wilaya nzima, akisema tumeishi bila hizo na tulikuwa wazima. Diwani wa Bombo, anayejua familia yetu, aliuliza kama sheria hiyo itawazuia watu wake kupasua miamba wanapokarabati ndiva, yaani yale mabwawa yetu ya kumwagilia mlimani. Ikabidi kuongeza kifungu. Mwenyekiti alisikiliza wote kisha akasema kwamba miaka mingi watu wamezuiwa hiki na kile, na walichojifunza ni kuficha. Afadhali waombe tuwaone. Sheria ikapita. Ilikwenda juu kuidhinishwa, ikakaa huko kama karatasi zote zinavyokaa, ikarudi na mihuri yake.

Orodha nayo ilikuja, katikati ya mwaka, kweli sasa. Ilibandikwa ubaoni asubuhi. Niliwaacha wengine wasome kwanza. Jina langu halikuwemo. Lilikuwemo la tarishi, yule aliyetuletea habari zake kila wiki. Nilifurahi na kuona aibu kwa furaha yangu, vyote kwa pamoja, na sikuweza kuvitenganisha mpaka niliporudi nyumbani.

Mwaka mpya ulipokaribia, mfanyabiashara alikuja tena ofisini. Alikaa kiti kilekile. Safari hii alikuwa na barua ya polisi, na mikono mitupu.

Tulimpa uwanja wa mpira. Jioni ile nilikwenda kama mtumishi, nimesimama na askari mmoja wa makamo nyuma ya magoli. Watu walikuwa wengi zaidi ya mwaka uliotangulia, ungedhani wangeogopa. Maboksi yalikuwa yamefukiwa nusu kwenye mchanga, mapipa yamejaa. Mfanyabiashara alinitazama akiwa na kiberiti mkononi, na upepo ukaja, ukanyanyua vumbi katikati ya uwanja.

"Bado," nikasema.

Watu walinung'unika. Mmoja akapiga mluzi. Askari akanitazama akitaka kujua kama nina uhakika, nikamwambia tena, bado. Tukangoja. Mfanyabiashara alichuchumaa karibu na maboksi yake akiwa ametulia kama mtu anayengoja uji uive. Upepo wa Same ukichoka unachoka ghafla, na ulipochoka nikainua mkono.

Zilipanda zote, moja baada ya nyingine, wima. Nilizitazama kidogo tu, muda mwingi nilikuwa natazama watu. Nyuso zao zilikuwa zinageuka kijani, nyekundu, nyeupe, na hakuna aliyekimbia. Ya mwisho ilipopasuka walipiga makofi, wakaanza kutawanyika wakizungumza kwa sauti za kawaida.

Askari alizunguka uwanja mzima na tochi akarudi.

"Imekwisha?" aliniuliza.

"Imekwisha."

"Hakuna kitu?"

"Hakuna kitu."

Akaandika kwenye daftari lake, nami nikaandika kwenye langu. Tulivuka reli pamoja tukizungumza habari za watoto wake, tukaagana barabarani. Nilifika nyumbani nikalala usingizi mzito mpaka asubuhi.